Karatasi Moja Imebaki

Mpendwa wajina,

Nimeianza barua hii mara nne, na mara zote nne nimejikuta nimeweka nambari ya kumbukumbu juu kulia, kisha neno YAHUSU, kisha mstari chini yake uliopigwa kwa rula. Mikono imezoea hivyo. Hii ya tano nimeianza kwa jina tuliloitana tangu utoto, kwa sababu sijui cheo kingine ninachoweza kukitumia mbele yako leo bila kuona haya.

Watu wengine wataisoma kabla yako, na mwishoni nitaeleza kwa nini. Kwa ajili yao niseme lile unalolijua: baba zetu ni ndugu wa tumbo moja, na kila mmoja alimpa binti yake wa kwanza jina la mama yao, kama ilivyo desturi kwetu. Hivyo shosho yetu akazaliwa mara mbili, katika mwaka mmoja, pale mtaani Jericho, nyumba zetu zikitenganishwa na kamba ya kuanikia nguo. Wairimu Njoroge na Wairimu Njoroge. Tulitofautiana kwa majina ya ubatizo tu, na hakuna mtu kwenye ua ule aliyewahi kuyatumia.

Ndiyo maana utoto wetu ulikuwa na swali moja. Mtu akipiga hodi na kusema anamtaka Wairimu, aliyefungua mlango alilazimika kuuliza: "Wairimu yupi?" Baba mkubwa, baba yako, ndiye aliyelipatia swali hilo jibu. Wewe ulikuwa Wairimu wa nyundo, mimi Wairimu wa kalamu. Watu walidhani mimi ndiye niliyepewa jina zuri zaidi. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka siku ya masanduku.

Unaikumbuka? Tulikuwa na miaka kumi na minne, tukingoja kwenda bweni, mimi shule ya mbali yenye sifa, wewe ile ya karibu ambayo hakuna aliyeisifu. Kibanda cha baba mkubwa kilikuwa nyuma ya nyumba yenu, na ndani yake kile kipande cha reli alichopigia bati, ambacho hakuna aliyethubutu kumwuliza alikitoa wapi. Alituita tukaingia. Chini kulikuwa na masanduku mawili ya shule, yote ya buluu, yote yameandikwa WAIRIMU NJOROGE kwa rangi nyeupe.

"Moja nimelipiga mimi," akasema. "Lingine amelipiga huyu hapa. Msomi, chagua."

Nilichagua kwa uangalifu, kama ninavyofanya kila kitu. Nilipitisha kidole kwenye pembe. Nilifungua vifuniko na kuvifunga. Kimoja kililia kidogo kwenye bawaba. Kingine kilishuka kimya kikakaa mahali pake kama kope. Nikalishika hilo la kimya, nikiwa na hakika kabisa kwamba ni kazi ya baba mkubwa.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Haya! Msomi amechukua la Wairimu!"

"Wairimu yupi?" nikauliza, mjinga mimi.

"Huyu mwenye nyundo! Kwani wewe umewahi kupiga nini?"

Wewe hukucheka. Ulinisaidia kulibeba, wewe mbele, mimi nyuma, na tulipofika chini ya kamba ya nguo ukageuka ukaniambia, "Usijali. Hata mimi ningechagua hilo." Nimeligeuza neno hilo kichwani miaka mingi, wajina, na bado sijajua kama ulikuwa unanifariji au unajisifu.

Kule bweni wasichana walilipenda sanduku langu. Masanduku yao yalianza kushika kutu kabla ya muhula wa pili, langu halikushika hata doa. Waliniuliza nani alinitengenezea. Nilijibu, "Fundi mmoja wa Jericho." Kwa miaka minne nililala juu ya kitanda ambacho chini yake palikuwa na kazi yako, na kwa miaka minne hiyo sikulitaja jina lako, ingawa lilikuwa limeandikwa pale kwa herufi kubwa. Kila aliyelisoma alidhani ni mimi, nami nilimwacha adhani hivyo.

Nakuandikia haya kwanza ili usije ukafikiri wivu wangu ulianzia ofisini. Ofisini wivu huo uliajiriwa tu.

Baba mkubwa alipochoka macho akarudi Murang'a, ulikichukua kibanda. Mimi nilimaliza chuo nikapata kazi ya ukarani katika chama cha watengenezaji wa vyombo vya chuma, kule Industrial Area penye viwanda, kwenye ofisi yenye dirisha linalotazama ukuta. Kazi yangu ilikuwa kupokea maombi ya uanachama, kuyakagua, kuyapanga. Naogopa kukosea, nasoma kila kitu mara tatu. Watu kama mimi huonekana waaminifu.

Jumapili moja mama yangu alirudi kutoka kanisani uso ukimng'aa. "Wairimu ameajiri watu," akasema, akivua kitambaa. "Mama Atieno anampigia rangi, na sasa ana msichana wa kukata bati. Mtoto wa juzi!"

Nikauliza, "Wairimu yupi?"

Mama alinitazama kwa huruma. Huruma ile ndiyo iliyoniuma. Alikwenda kuchemsha chai.

Nilijiambia nakufurahia. Nikapita kibandani kwako kukupongeza, nikakuta bati limelala juu ya reli, na wewe unalipiga kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umelishika bega. Ulisema bega linakusumbua usiposhinda ukilipaka dawa. Ulisema kila sanduku lina mikunjo kumi na miwili, na kila mkunjo unaupata kwa nyundo. Kisha ukaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia habari za mbinguni, kama ni kweli chama chetu kina mashine ya kukunja bati ambayo wanachama huitumia kwa zamu.

Nilisema ni kweli.

"Inakunja kwa muda gani?"

"Kama unavyofunga kitabu."

Uliitazama nyundo mkononi. Mama Atieno akasema kutoka kwenye rangi, "Wairimu, mwulize huyu wajina wako tunaingiaje. Si yeye ndiye mwenye mlango?"

Mwenye mlango. Nilipenda neno hilo kuliko ilivyostahili.

Ulikuja ofisini Jumatatu iliyofuata umevaa nguo za kanisani, na bahasha umeishika kwa mikono miwili. Ulisimama mbele ya meza yangu ukapaza sauti kama uko sokoni: "Niaje, wajina! Kumbe unakalia kiti cha kuzunguka!"

"Punguza sauti," nikasema.

"Nipunguze nini, nimefika kwetu!"

Mwenyekiti wa chama alikuwa anapita. Alikutazama, akaitazama bahasha, akaniuliza mimi wala si wewe, "Huyu anauza nini?" Ukamjibu mwenyewe kwamba huuzi, unatengeneza, masanduku. Akacheka vizuri tu, bila ubaya. "Wanawake na chuma, wapi na wapi?" Akaendelea na safari yake. Wewe ulinikonyeza kama mtu aliyesikia utani, nami nilitazama chini kwenye fomu. Ningeweza kusema kwamba nimelala miaka minne juu ya sanduku lako na kifuniko chake hakijawahi kulia. Ilikuwa sentensi fupi. Sikuisema.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, kwa utaratibu, ili yeyote atakayesoma asipate shida.

Kanuni zetu zinamtaka mwombaji alete karatasi nne. Wewe ulileta zote nne, safi, hata kona hazikukunjika. Lakini chini ya hizo nne kuna mstari mmoja ambao sijui aliuandika nani wala lini: "na karatasi nyingine yoyote itakayohitajika." Niliusoma mara tatu. Mara ya tatu niliona kwamba yule anayeamua kitu gani kitahitajika ni mimi.

Sikukukataa, wajina. Sikuwahi kukukataa. Niliomba karatasi tu.

Kwanza nilisema jina lako linafanana na la mfanyakazi wa chama, watu watasema najipendelea, hivyo uape kwamba mimi na wewe ni watu wawili. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Kila mara naanza na kitu cha kweli. Ulikwenda kwa wakili pale Makadara, karibu na mahakama, ukarudi na hati ya kiapo, ukicheka mpaka machozi.

"Wajina, leo nimeinua mkono nikaapa kwamba mimi si wewe!"

"Wakili alisema nini?"

"Aliniuliza, una hakika?"

"Ukasema?"

"Nikamwambia aliyenipa jina mwenyewe hana hakika. Shosho akiniita tunaitika wawili!"

Nami nilicheka. Nikaipiga karatasi muhuri, nikaiweka ndani ya faili, na kwenye jalada nikaandika kwa penseli: Karatasi moja imebaki.

Iliyobaki ilikuwa ya wadhamini. Kanuni nyingine, nje ya zile karatasi nne, inataka wanachama wawili waseme wanaijua kazi yako, na hapo sikuzua kitu. Lakini wewe ungewajua wapi? Wanachama wetu hujuana Soko la Burma, Ijumaa jioni, kwenye nyama choma. Pale ndipo mtu husema anahitaji mwenzake wa kugawana kazi, pale ndipo udhamini hutiwa sahihi juu ya meza yenye mafuta. Hakuna tangazo linalomkataza mwanamke kuja, ni kwamba tu saa hiyo wewe ulikuwa unafunga kibanda, unapika, unamwogesha mwanao. Ulikwenda mara moja. Uliniambia baadaye kwamba mmoja aliagiza kachumbari kutoka kwako, akidhani wewe ni mhudumu.

"Ukafanyaje?"

"Nikamletea. Kisha nikakaa karibu naye nikamweleza habari za bawaba."

Ulimpata yeye na mwenzake wakatia sahihi. Nilipoziona sahihi zile sikufurahi hata kidogo. Mimi nisingeweza kukaa. Ningelia chooni, nikarudi nyumbani. Nikaandika tena kwa penseli: Karatasi moja imebaki.

Nikaomba barua ya majirani wa kibanda, kwamba wanaridhia kelele. Hakuna kanuni inayosema hivyo, wala hakuna mwanachama mwingine aliyewahi kuombwa. Ulipita mlango kwa mlango. Ulileta ukurasa mzima wa majina, na chini yake mzee mmoja alikuwa ameandika kwa mwandiko wa kutetemeka, "Nyundo ikikosa kulia nachelewa kuamka." Niliisoma sentensi hiyo peke yangu, nikailaza kifudifudi juu ya meza. Nani angeandika hivyo juu yangu? Nikikosa kupiga muhuri asubuhi moja, ni jirani gani atachelewa kuamka?

Nikaandika: Karatasi moja imebaki, ingawa safari hii hata mimi sikujua ni ipi.

Mapema mwaka uliofuata, kabla shule hazijafunguliwa, simu ililia mezani kwangu. Alikuwa mnunuzi wa shule moja ya bweni. Alitaka fundi wa masanduku imara, ya darasa zima. "Tumechoka na yale yanayobomoka," akasema. "Nisomee wale mnaowajua." Nikafungua orodha ya wanachama, nikasoma. Nilisoma majina polepole ili aandike. Nilipofika mwisho akauliza, "Hao tu?" Sanduku lako lilikuwa nyumbani, chini ya kitanda changu. Faili lako lilikuwa kwenye kabati, hatua tatu kutoka kwangu, na penseli yangu juu yake.

"Hao tu," nikasema.

Nadhani hapo ndipo nilipokutendea lile ambalo haliwezi kuitwa utaratibu.

Bega lako lilikataa kabla ya Pasaka. Uliwaaga Mama Atieno na yule msichana, ukafunga kibanda, ukapata kazi kwa mtu mwenye karakana Nakuru, kupaka rangi masanduku ambayo jina la fundi linaloandikwa chini si lako. Siku ya kuondoka ulipita kwetu ukanipa ufunguo wa kibanda niuweke. Mama yangu alikuwa anafuta macho. Wewe ulinishika mikono yote miwili.

"Asante, wajina," ukasema. "Bila wewe hata nisingejua ni karatasi gani wanataka. Umenihangaikia sana."

Nilikuambia usijali. Niliuweka ufunguo ndani ya sanduku la buluu. Kifuniko kilishuka kimya.

Sasa nieleze kilichotokea mwezi huu. Tumepata katibu mpya, mama mkimya ambaye husoma mambo mpaka mwisho, nasi humwita Madam. Aliniita akaniambia kamati inataka kujua kwa nini wanawake ni wachache hivi katika chama chetu, na chama kifanye nini ili wasaidike. "Wewe ndiye unayeshika mafaili," akasema. "Niandikie ripoti."

Niliogopa, kama kawaida, kisha nikaona njia. Niliandika sentensi ya kwanza bila taabu: "Waombaji wengi wanawake hawakamilishi karatasi zinazohitajika." Niliisoma mara tatu. Haikuwa na uongo hata mmoja. Ingepita. Mwenyekiti angetikisa kichwa kukubali, akasema tuwafanyie semina ya kujaza fomu, na mimi ningepangiwa kununua soda.

Lakini mimi ni mtu wa kuhakikisha, na ripoti inahitaji viambatisho. Nikatoa mafaili yote ya wanawake yaliyokwama, nikayapanga mezani. Yalikuwa kumi na moja. Kuna aliyetengeneza majiko, aliyetengeneza milango na madirisha, mama na binti yake waliotengeneza sinia za kuoshea mchele. Nikafungua la kwanza. Kwenye jalada, kwa penseli, kwa mwandiko wa karani aliyenitangulia: Karatasi moja imebaki. La pili, mwandiko mwingine, wa zamani zaidi: Karatasi moja imebaki. Nikaendelea mpaka la kumi. Kisha lako, kwa mwandiko wangu, mara tatu.

Nilikaa. Makarani wale hawakuwa na wajina. Hawakuwa na sanduku chini ya kitanda. Hawakumchukia mtu, walizoea tu kwamba mwanamke mwenye nyundo lazima kuna kitu amesahau. Hilo lilinifedhehesha kuliko kosa langu lenyewe. Nilidhani nimefanya jambo zito kwa wivu mzito, kumbe wivu wangu haukuvunja mlango wowote. Uliukuta wazi ukapita.

Niliifuta sentensi ya kwanza, nikaandika ripoti nyingine. Niliandika kwamba chama kifute ule mstari wa "karatasi nyingine yoyote," karatasi ziwe nne, zibandikwe ukutani pale mlangoni, na karani asiwe na uwezo wa kuongeza ya tano. Niliandika kwamba kibanda kilicho nyuma ya nyumba ni karakana kama kinatoa kitu, na kwamba badala ya kumtuma mwombaji Burma kutafuta wadhamini, chama kimpelekee watu wawili mchana, siku ya kazi, waishike kazi yake kwa mikono, wafungue kifuniko na kukifunga. Kazi yenyewe imdhamini. Niliandika pia kwamba mikutano ihamie ofisini saa za kazi, nyama ibaki kuwa nyama. Na kwamba wawili kati ya wanawake wa mafaili hayo kumi na moja wakaribishwe kwenye kamati, kwa kuwa sisi tulioko ndani hatuioni kanuni inayomkwaza mtu, tumeshaipita.

Kuhusu mashine niliandika kwa kirefu mno, Madam aliniambia baadaye. Niliandika kwamba mashine ya kukunja hukaa kimya nusu ya wiki wakati mabega ya watu yanaharibika maili mbili kutoka pale. Waombaji wapangiwe zamu hata kabla ya uanachama, wakati faili linasubiri. Mtu asiuguze bega akisubiri muhuri.

Halafu nikaandika ukurasa wa tatu, kuhusu faili moja. Nilificha jina. Niliandika "karani" na "mwombaji."

Madam alisoma akiwa amesimama. Alipofika ukurasa wa tatu akaketi.

"'Karani aliomba karatasi ambayo haimo katika kanuni.' Karani yupi?"

Nilikuwa na majibu mawili tayari. Makarani wawili wa zamani walikwisha kuondoka. Mmoja ni marehemu.

"Mimi, Madam."

Akalivuta faili lako. "Lakini hili ni jina lako."

"Ni lake pia. Ni binti ya baba yangu mkubwa. Ni wajina."

"Alikukosea nini?"

"Hakunikosea."

"Basi kwa nini?"

Niliitazama penseli yangu kwenye jalada. "Anajua kutengeneza kitu, Madam," nikasema. "Mimi najua kukipanga tu."

Hakunikemea. Ningependa angenikemea. Alisema nitolewe kwenye meza ya uanachama kuanzia siku hiyo, na kwamba kamati ikikaa Alhamisi itaamua mambo mawili, kanuni na mimi, na hawezi kuniahidi lolote kuhusu mimi. Ripoti ataipeleka nzima. Kisha akaligonga faili lako kwa kidole.

"Hili likifunguliwa tena, kamati itauliza kwa nini lilifungwa. Lazima kuwe na maelezo ndani. Yaandike."

"Kama taarifa rasmi?"

"Vyovyote. Mradi yawe ya kweli, na yeye apate nakala."

Ndiyo sababu wengine wanaisoma barua hii kabla yako.

Usidhani wivu umeisha kwa kuwa nimeukiri. Upo. Jana nilimwuliza Mama Atieno kama angerudi kwenye kibanda ukirudi, akasema, "Kwani brashi yangu nilimpa nani? Nimeiloweka tu," na hapo hapo nikauona unanyanyuka, wivu ule ule, kwa sababu najua hakuna mtu aliyewahi kuloweka brashi akinisubiri mimi. Sijui kama utaisha. Nimeona tu kwamba unaweza kumwonea mtu wivu na bado umpe ufunguo wake.

Ninaogopa Alhamisi. Ninaogopa kupoteza kazi, naogopa uso wa mama yangu atakaposikia, na zaidi naogopa simu yako utakapomaliza kusoma. Au ukimya wako. Ukichagua ukimya, ni haki yako, na ufunguo nitamwachia Mama Atieno.

Lakini kama nitabakishwa, hata kama ni kwenye meza ya kupokea simu tu, ipo siku shule moja itapiga kutaka fundi wa masanduku, nami nitafungua orodha. Nikifika kwenye herufi ya W nitalisoma jina langu mwenyewe kwa sauti, polepole, ili waandike, nikijua mikono itakayofanya kazi si yangu. Itaniuma, na nitalisoma. Wakiniuliza Wairimu yupi, nitawaambia.

Nisalimie bega lako la kulia. Faili lako limebakisha karatasi moja tu, nayo ni hii.

Wajina wako,
Wairimu wa kalamu